KUMSEMEA ASIYE NA MSEMAJI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mfalme wa haki, aliyejiharamishia dhulma nafsini Mwake na akaifanya haramu baina ya waja Wake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Ali zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Mwaka 2023, baada ya darsa yetu ya usiku kwisha na watu kutawanyika, kijana mmoja alibakia msikitini akitaka kutuuliza mas'ala. Kijana huyu ni Mnubi. Amezaliwa katika nchi hii, na babake amezaliwa katika nchi hii, na babu yake amezikwa katika ardhi hii. Alikuwa na umri wa miaka 21, na tangu alipotimia miaka 18 alikuwa akienda na kurudi katika afisi ya vitambulisho. Siku moja huambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babake. Akikileta, huambiwa alete cha babu yake, ilhali babu yake alizaliwa zama ambazo vyeti hivyo havikuwafikia watu wao. Siku aliyoitwa kusailiwa mbele ya kamati ya wazee alingoja tangu asubuhi hatta alasiri, kisha akaambiwa kwamba kamati haikutimia, arejee mwezi ujao. Pasina kipande hakuweza kuajiriwa, wala kuweka fedha benki, wala kusajili simu kwa jina lake, wala kupiga kura. Na akitembea usiku alimuogopa polisi kama amuogopavyo mwizi, naye hakuiba kitu.

Basi akatwambia: "Sheikh, kuna mtu amenambia nikitoa kitu kidogo nitapata kipande wiki hii. Je, yafaa?" Sisi tukamjibu upesi, kama tulivyofundishwa na masheikh zetu, kwamba rushwa ni haramu, na kwamba Mtume s.a.w. amemlaani mtoaji na mpokeaji. Kijana akainama kidogo, kisha akauliza kwa adabu: "Na njia ya halali, sheikh, ni ipi?"

Twakiri mbele yenu kwamba hatukuwa na jawabu. Tulimwambia asubiri na amuombe Mwenyezi Mungu, kisha tukachukua viatu vyetu tukaenda zetu. Illa swali lile halikututoka. Twajua kwamba baadhi ya wanavyuoni wamemruhusu aliyezuiliwa haki yake atoe mali ili aipate, na dhambi ikawa juu ya mpokeaji peke yake. Lakini wao wameweka sharti, nayo ni kuwa pasiwe na njia nyingine. Basi yatupasa tujue kama njia nyingine ipo au haipo kabla hatujamwambia mtu kuwa yuko katika dharura, au kabla hatujamwacha na haramu upande mmoja na ukuta upande wa pili. Tumeuliza, tumesoma, tumekaa na mawakili, na waraka huu ni jawabu ya kijana yule, ingawa imechelewa.

HABARI YA WANUBI

Kwanza yafaa tuijue habari ya ndugu zetu hawa, kwani wengi katika sisi twasali nao safu moja wala hatuijui. Wazee wao waliletwa huku na Waingereza kutoka Sudan mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, nao ni askari. Walitumika katika jeshi la King's African Rifles, na walipostaafu wakakaliswa Kibera, karibu na Nairobi, mahali ambapo jina lake limetokana na neno la lugha yao lenye maana ya msitu. Serikali ya kikoloni ilitenga hapo ardhi ya zaidi ya ekari 4,000, lakini haikuwapa hati ya kuimiliki. Makabila mengine yalihesabiwa kuwa na nchi yao ya asili. Mnubi hakuhesabiwa hivyo. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, askari aliyemwaga damu yake chini ya bendera ya Mwingereza alibakia mikononi mwa serikali mpya kama mgeni asiyejulikana atokako. Wajukuu wakarithi ugeni huo kama watu wengine warithivyo mashamba.

Wanubi hawakunyamaza. Mwaka 2003 walikwenda Mahakama Kuu ya Kenya, na miaka ikapita bila ya kesi yao kusikilizwa kwa hoja zake, kwa sababu ya vizuizi vya utaratibu. Mwaka 2006 walipeleka mashtaka mbele ya Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kisha mwaka 2009 jumuiya mbili za mawakili, moja ya Banjul nchini Gambia na nyingine ya kimataifa, ziliwasilisha madai kwa niaba ya watoto wa Kinubi mbele ya Kamati ya Wataalamu wa Afrika juu ya Haki na Ustawi wa Mtoto. Hoja yao ilikuwa nyepesi kufahamika: mtoto wa Kinubi azaliwa Kenya, lakini hana yakini ya uraia wake mpaka atimie miaka 18, na akitimia hukutana na masharti ambayo mwenziwe wa kabila jingine hakutani nayo.

Tarehe 22 Machi 2011 Kamati ile ilitoa uamuzi, nao ndio uamuzi wa kwanza kupata kuutoa tangu ilipoundwa. Ilisema kwamba Kenya imevunja haki ya watoto hao ya kuandikishwa wanapozaliwa na kuwa na uraia, na haki yao ya kutobaguliwa, na kwamba ubaguzi huo umewapunguzia elimu na matibabu. Katika uamuzi huo mna hesabu moja iliyotuingia moyoni. Wataalamu walieleza kwamba mwaka mmoja ni karibu sehemu 6 katika 100 za utoto wa mtu, na kwa hiyo mtoto hawezi kuambiwa angoje mpaka kesi za wakubwa ziishe. Ndugu zangu, kijana wetu alingoja miaka mitatu ya ujana wake, nasi tukamwambia asubiri!

Mwaka 2015 Kamisheni nayo ilitoa uamuzi wake na kuona kwamba haki za jamii ya Wanubi zimevunjwa, za uraia na za ardhi pia. Mwezi wa Juni 2017 walipewa hati ya ardhi ya jamii huko Kibera, ekari 288. Mwenye kulinganisha ekari 288 na zile zaidi ya 4,000 atajua ni kiasi gani kimerudi na ni kiasi gani kimekwenda. Hata hivyo, aliyekuwa hana karatasi hata moja sasa anayo.

Tena mnamo Januari 2020 ilitoka hukumu ya Mahakama Kuu, Nairobi, juu ya mpango wa Huduma Namba. Jukwaa la Haki za Wanubi lilikuwa miongoni mwa waliofungua kesi ile. Majaji watatu waliamua kwamba kuchukua vipimo vya DNA vya raia, na alama za kuonyesha mahali mtu akaapo, ni kinyume cha Katiba, na kwamba mpango wenyewe usiendelee pasina sheria na kanuni za kutosha za kuilinda siri ya watu. Basi tazameni: jamii ndogo iliyokuwa ikihofia kuachwa nje ya daftari ndiyo iliyosimama mahakamani, na faida yake ikamfikia kila mkaazi wa Kenya, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu.

MLIKUWA WAPI?

Jumuiya zile mbili za mawakili zilizowasimamia watoto wa Kinubi mwaka 2009 si jumuiya za Kiislamu. Hatusemi hivi ili kuzitukuza wala kuzitilia shaka. Twasema ili tujiulize sisi tulikuwa wapi. Wakati mawakili wa Banjul wanaandika hoja zao, sisi katika halaka yetu tulikuwa na mjadala mkubwa juu ya idadi ya rakaa za tarawehe.

Imepokewa katika Sunan ya Ibn Majah kwamba bedui mmoja alimjia Mtume s.a.w. kumdai deni, akasema naye kwa maneno makali. Masahaba wakamkemea, wakamwambia: Ole wako, wajua wasema na nani? Bedui akawajibu kwamba yeye ataka haki yake tu. Mtume s.a.w. hakuwashukuru Masahaba kwa kumtetea. Aliwauliza kwa nini hawakuwa upande wa mwenye haki. Kisha akatuma kwa Bibi Khawla binti Qays akope tende, akamlipa bedui na akamlisha. Na akasema, kwa maana yake, kwamba umma hautakaswi ikiwa mnyonge ndani yake hawezi kuichukua haki yake pasina kubabaika.

Izingatieni hadithi hii. Mdaiwa ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na mdai ni mtu wa jangwani asiye na jamaa hapo mjini wala ulimi wa adabu. Na bado Mtume s.a.w. aliwataka Sahaba zake wasimame na mwenye haki. Tena hakutwambia kwamba yatosha mnyonge apate haki yake. Ametaka aipate bila ya kubabaika. Kijana asimamaye mbele ya meza ya afisa, ulimi umekauka, akitaja jina la babu yake kwa hofu kama ataja jina la mhalifu, huyo anababaika. Na maadamu anababaika, sote hatujatakasika.

Kabla ya Utume pia Mtume wetu alihudhuria jambo la namna hii. Mtu mmoja wa kabila la Zubaid alifika Makka na bidhaa zake, zikanunuliwa na al-As bin Wail, mtu mkubwa katika Makureshi, asimlipe. Mgeni yule hakuwa na ukoo hapo wa kumtetea. Akapanda jabali la Abu Qubais, akalia kwa sauti akitaka haki yake. Zubair bin Abdul-Muttalib akaondoka, wakakutana katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na mdhulumiwa hatta arudishiwe haki yake, awe ni mtu wa Makka au mgeni. Hiyo ndiyo Hilful Fudhul. Na baada ya Utume alikuwa akisema kwamba mapatano yale asingeyabadilisha kwa ngamia wekundu, na kwamba lau angeitwa kwayo katika Uislamu angeitika. Waliokula kiapo kile hawakuwa Waislamu. Lakini jambo lenyewe lilikuwa haki, na haki haimpotei mwenye kuijua kwa kuwa imeshikwa na mwingine.

SHUBHA TATU NA MAJIBU YAKE

Katika kulizungumza jambo hili na ndugu zetu tumekutana na shubha tatu.

Ya kwanza ni neno la wasemao: Mahakama hizi si za sharia, vipi tuzipelekee mambo yetu? Twawajibu hivi. Mahakama ya Kadhi, kwa mujibu wa Kifungu cha 170 cha Katiba, ina mamlaka juu ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, baina ya Waislamu waliokubali hukumu yake. Mambo ya uraia na ubaguzi hayamo humo. Mlango wake ni Mahakama Kuu. Na kumtaka mwenye mamlaka aondoe dhulma si kuiacha sharia ya Mwenyezi Mungu. Waislamu wa mwanzo walipokimbilia Uhabeshi walikuwa watu wachache, wageni, hawana jeshi wala mali. Makureshi wakamtuma Amr bin al-As na mwenziwe wakiwa na zawadi za ngozi nzuri. Zawadi zile waliwapa kwanza makasisi wa mfalme, kila mmoja fungu lake, ili wamshauri mfalme awatoe Waislamu bila ya kuwasikiliza. Jueni basi kwamba "kitu kidogo" si jambo la leo! Najashi akakataa kuwatoa mpaka asikie neno lao. Akasimama Jaafar bin Abi Talib r.a., akaeleza mbele ya mfalme asiyekuwa Mwislamu walivyokuwa katika ujinga, na alivyowafundisha Mtume, na walivyoteswa, na kwamba wamelikimbilia jirani lake ili wasidhulumiwe. Mfalme akawalinda na akazirudisha zawadi. Jaafar hakutoa rushwa mbele ya rushwa. Alitoa hoja. Na siku ya pili, alipoulizwa juu ya Nabii Isa a.s., aliisema itikadi yake wazi wala hakuipaka mafuta. Hivi ndivyo Mwislamu asimamavyo mbele ya baraza la hakimu, ulimi wake ni wa adabu na maneno yake ni ya kweli.

Shubha ya pili ni ya wasemao kwamba dua na subira zatosha. Dua ni silaha ya muumini, hatuna shaka. Lakini Nabii Yusuf a.s. alikuwa mwenye dua na mwenye subira kuliko sisi. Alipojiwa na mjumbe wa mfalme kutolewa gerezani, hakutoka. Alimrudisha mjumbe kwa bwana wake, akataka kwanza ichunguzwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono, kama ilivyo katika aya ya 50 ya Surat Yusuf. Alitaka jina lake lisafishwe hadharani, asitoke kwa hisani ya mfalme huku tuhuma ingali juu yake. Kijana apataye kipande kwa mlango wa nyuma ametoka gerezani, lakini tuhuma ya ugeni imebakia juu yake na juu ya wanawe. Na kesho mtoto wake ataambiwa tena: lete cheti cha babu.

Shubha ya tatu husemwa kwa sauti ndogo, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Ni kusema: Hao si watu wetu. Wa pwani humsemea hivyo Mnubi, na Mnubi humsemea Msomali, na sote twamsemea hivyo asiyekuwa wa dini yetu. Mwaka 1989, Wasomali wa Kenya walipokusanywa wakasailiwa mmoja mmoja na kupewa kadi maalumu za kuthibitisha uraia wao, ni wangapi katika sisi tulioona kwamba jambo lile latuhusu?

HAKI HAIULIZI DINI

Juu ya shubha hii ya tatu Mwenyezi Mungu ameteremsha aya katika Suratun Nisaa, tangu aya ya 105. Wafasiri wengi wameeleza sababu yake. Mtu mmoja wa Madina, aliyejionyesha kuwa Mwislamu, aliiba deraya, kisha akaitupia tuhuma juu ya Yahudi asiyekuwa na kosa. Jamaa zake wakamjia Mtume s.a.w. wakimtetea mtu wao, na dhahiri ya mambo ikawa upande wao. Hapo ndipo Wahyi ukashuka kumkataza Mtume asiwe mtetezi wa wahaini, na kumsafisha Yahudi yule. Aya hizo twazisoma mpaka leo, zatufunza kwamba ukoo na wingi wa watu si hoja. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, tumeamrishwa kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kuacha uadilifu.

Basi mwenye kuisoma Qur'ani namna hii hataona ajabu tukisema kwamba kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau yatuhusu. Watu hawa waliishi kwa msitu na asali, wakaamriwa kuhama mwaka 2009. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilihukumu kwamba Kenya imevunja haki zao, na mnamo Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi 157,850,000 na wapewe hati ya ardhi yao. Pamoja na hukumu hizo, Novemba 2023 nyumba zao huko Sasimwani zilivunjwa tena. Hapa tujifunze kwamba hukumu isiyofuatiliwa hubakia karatasi, na kwamba kazi ya kumsemea mnyonge haishi siku jaji anaposoma hukumu.

Na Wamakonde waliotoka Msumbiji wakafanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge ya pwani yetu, walikaa miongo mingi bila ya vipande, hatta Oktoba 2016 walipofunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumuona Rais. Ndipo wakatambuliwa na kuandikwa raia. Wapemba wa pwani, wavuvi, ndugu zetu katika dini, walingoja mpaka mwaka 2023. Walioishi nao bandarini, wakala samaki wao kila siku, hawakupata kuwauliza kama wana vipande.

TUANZE KUJIHISABU SISI

Kila tunapotaja dhulma hii twapenda kuitupia serikali yote. Serikali ina fungu lake kubwa, wala hatulipunguzi. Lakini katika zile kamati za kusaili walikaa wazee wetu, wenye kofia na tasbihi. Miongoni mwao wako waliotenda haki, Mwenyezi Mungu awalipe. Na wako waliomjua baba wa mtoto na babu yake, wakanyamaza mpaka wapewe cha chai. Na wako walioshuhudia kwa fedha kwamba mtu baki ni mtoto wa mtaani, na kesho yake mtoto wa mtaani akafukuzwa kwa sababu ya shaka iliyoingia. Ushahidi wa uongo Mtume s.a.w. ameuhesabu katika madhambi makubwa kabisa. Alikuwa ameegemea, alipoutaja akakaa kitako. Katika aya ya 135 ya Suratun Nisaa tumeamrishwa tuwe mashahidi wa haki hata juu ya nafsi zetu na wazazi wetu. Hatuwezi kuidai haki kwa mkono mmoja na kuiuza kwa mkono wa pili.

NJIA YA HALALI

Sasa twaja kwenye jawabu lenyewe. Mwezi wa Februari 2025, mjini Wajir, Rais alitia sahihi tangazo la kuondoa masailiano maalumu katika kutoa vitambulisho. Twashukuru. Lakini tangazo laweza kupingwa, na laweza kuwekwa kando na afisa aliye mbali na macho ya watu. Haki yenye msingi ni ile raia aijuayo na awezayo kuidai. Basi haya ndiyo tuwaambiayo vijana na wazee wao:

Kwanza, mtoto aandikishwe. Sheria yataka azazi wote waandikishwe ndani ya miezi 6. Aliyezaliwa hospitali hupewa karatasi hapo hapo, na aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu. Kila msikiti uulize siku ya akika: Cheti kiko wapi? Madrasa nazo ziweke daftari la kila mtoto, jina lake na wazazi wake na mwaka aliozaliwa, kwani daftari hilo laweza kuwa ushahidi siku ya haja.

Pili, anayekataliwa aombe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba champa kila mtu haki hiyo endapo uamuzi wa afisi umemdhuru. Aandike tarehe aliyokwenda na neno aliloambiwa, na nakala za karatasi zake azihifadhi. Wakili hawezi kujenga nyumba juu ya maneno ya hewani.

Tatu, ziko tume zinazopokea malalamiko bila ya malipo, nazo ni Tume ya Utekelezaji wa Haki, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Barua ya kurasa mbili iliyoandikwa vizuri na kusainiwa na imamu na wazee watano ina uzito kuliko lawama za mwaka mzima barazani.

Nne, iko Mahakama Kuu. Kifungu cha 22 cha Katiba ya mwaka 2010 kimemruhusu mtu kushtaki kwa ajili yake, au kwa niaba ya asiyeweza kushtaki, au kwa kundi la watu, au kwa maslahi ya umma. Hakuna ada ya kufungua kesi ya namna hiyo, na kanuni za mwaka 2013 zaruhusu mahakama ipokee hatta barua au maneno ya mdomo. Yale yaliyowazuia Wanubi mwaka 2003, mengi yake yameondolewa na Katiba hii. Mlango umefunguliwa, waliobakia nje ni wasioujua.

Tano, wakili naye ana watoto wa kulisha. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 kwa wasiojiweza, lakini haimfikii kila mtu. Wazee wetu waliweka wakfu visima na mashamba kwa ajili ya misikiti. Kwa nini asipatikane wa kuweka wakfu duka moja ili kodi yake ilipe nauli za mashahidi na kumsomesha binti au kijana sheria? Halaka yetu imeanza na sanduku dogo kila Ijumaa, na kila robo ya mwaka hesabu yake husomwa hadharani. Na tumeamua kwamba atakayesaidiwa hataulizwa kabila lake wala dini yake, ataulizwa kama amedhulumiwa.

Ndugu zetu, kijana yule hatukumuona tena msikitini kwa muda mrefu. Tulipomtafuta tukaambiwa amekwenda mji mwingine kufanya kazi ya mkono kwa malipo ya siku, kazi isiyotaka kipande. Tumempelekea salamu na jina la wakili, na tumemuomba radhi. Hatujui kama aliufuata mlango wa nyuma au aliendelea kungoja. Jambo tulijualo ni kwamba alitujia kwa swali la halali na akaondoka mikono mitupu, na swali hilo tutaulizwa sisi. Katika Suratun Nisaa, aya ya 85, Mwenyezi Mungu ametubashiria kwamba mwenye kumuombea mwenziwe uombezi mwema atakuwa na fungu lake katika wema huo. Basi kila msomaji wa waraka huu ajitafutie fungu lake. Katika mtaa wake hakosi mtu mmoja abanwaye koo mbele ya meza ya afisa. Amshike mkono waende pamoja.

Ewe Mola wetu, tusamehe kunyamaza kwetu, na uzifungue ndimi zetu katika haki. Wape wenye mamlaka uadilifu, na mashahidi ukweli, na mawakili ikhlasi, na wanyonge subira isiyokuwa ya kukata tamaa. Usitufanye sababu ya dhulma ya mja Wako yeyote, tumjuaye na tusiyemjua. Amin.

Wabillahit tawfiq, wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.